Muache bibi naye akupe

Kuna watu wanadhani ukishakuwa mtu mzima, una kazi yako, una majukumu yako, basi uhusiano wako na bibi unabaki kuwa wa kumsalimia tu ukipita na kumwachia kitu mkononi. Mi naona kinyume kabisa. Naona utu uzima ndo wakati mzuri kuliko yote wa kuwa na bibi, kwa sababu sasa mnaweza kuongea watu wazima wawili, anaweza kukuambia mambo ambayo asingeweza kukuambia ukiwa na miaka 9, na wewe una maswali ambayo utotoni yasingekujia hata kichwani. Mtoto hamuulizi bibi yake kama alimpenda kweli mtu aliyeolewa naye. Mkubwa anaweza kuuliza, akikaa vizuri na akichagua muda wake.

Na hii ni bahati ambayo wengi waliotutangulia hawakuipata. Mwaka 1950 wastani wa umri wa kuishi duniani ulikuwa kama miaka 46 hivi, kufikia 2019 ulishapanda mpaka kama 73, na najua ule wa zamani ulishushwa sana na watoto waliokuwa wanafariki wadogo, lakini bado wazee waliowahi kuwaona wajukuu zao wakiota ndevu au wakilea watoto wao hawakuwa wengi kama leo. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2020 watu wenye miaka 60 na kuendelea walikuwa bilioni 1, na makadirio ni kwamba 2050 watafika bilioni 2.1. Yaani mtu wa miaka 30 au 40 kuwa na bibi aliye hai na akili zake timamu limekuwa jambo la kawaida, halafu hakuna aliyetufundisha huo uhusiano unaendeshwaje. Ukiwa mdogo unajua, unacheza, unadekezwa, basi. Ukiwa mkubwa unafika pale unakaa kwenye kiti, mkishamaliza salamu na habari za kazi hujui uendelee na nini.

Kwahiyo wengi wetu tunakimbilia kufanya kazi. Mjukuu anafika, anadeki, anafua, anabadilisha balbu iliyoungua, anakagua dawa kama zimeisha, anaangalia saa, anaaga. Ni upendo huo, tena mkubwa, na kuna wazee wangekuwa na hali mbaya sana kama sio wajukuu wa namna hiyo. Lakini hebu mwangalie bibi mwenyewe amefanya nini muda wote ule. Amekaa anatazama mtu akizunguka ndani ya nyumba yake, kila akitaka kunyanyuka anaambiwa bibi we kaa tu, bibi utajichosha, bibi niachie mimi. Jioni nyumba inang'aa, na yeye hajafanya kitu kimoja chenye maana kwa mtu yeyote siku nzima.

Kuna utafiti mmoja ambao tangu niusome umebadilisha kabisa ninavyokaa na bibi yangu. Ni wa Sara Moorman na Jeffrey Stokes, wakiwa Boston College kule Marekani, walichukua taarifa za familia za kusini mwa California zilizokuwa zinafuatiliwa kuanzia 1985 mpaka 2004, mabibi na mababu 376 na wajukuu watu wazima 340, kwa wastani wazee walikuwa wamezaliwa 1917 na wajukuu 1963. Kwahiyo sio habari za watoto wadogo na bibi zao, ni watu kama mimi na wewe. Wakakuta pale ambapo mzee na mjukuu wako karibu kweli kimoyo, wote wawili wana dalili chache za sonona, sio mzee peke yake, na mjukuu pia. Halafu likaja hili la pili ambalo ndo limenishika mpaka leo: wazee waliokuwa wanapokea misaada ya vitendo kutoka kwa wajukuu, kupelekwa huku na kule, kusaidiwa kazi, kupewa hela, lakini wao hawatoi chochote kurudisha, ndo walioonyesha dalili za sonona kuongezeka. Waliokuwa wanapokea na kutoa walikuwa na hali nzuri zaidi.

Soma tena hapo. Kusaidiwa tu, bila na wewe kutoa, kuliendana na huzuni kuzidi. Utafiti wa namna hii hauwezi kuthibitisha kwamba moja ndo linasababisha lingine, lakini mtu yeyote aliyewahi kulazwa kitandani wiki nzima akihudumiwa anaelewa hiyo hali bila kuelezwa. Unashukuru, kweli, na huku ndani unajiona unapungua.

Ndo maana nasema muache bibi naye akupe.

Bibi yangu ni mshonaji. Hakuwahi kuwa na duka, alikuwa anashona za nyumbani tu, lakini mkono wake ni wa uhakika mpaka leo. Kilichomshinda ni kutunga uzi kwenye sindano, na hilo ni la wote, lenzi ya jicho inakuwa ngumu kadiri miaka inavyoenda, kuanzia kwenye 40 hivi mtu anaanza kusogeza maandishi mbali na uso ili asome, sasa fikiria tundu la sindano kwa mtu aliyepita 80. Kwahiyo tumegawana. Mimi natunga uzi, nyingi kwa mpigo, nazichomeka kwenye kipande cha kitambaa zikiwa na rangi tofauti ili azikute tayari hata siku nisipokuwepo, na yeye anashona. Nguo zangu zote zilizofumuka zinaenda kwake. Shati likitoka kifungo silipeleki kwa fundi. Na ananifundisha, jamani ananifundisha kweli, kwamba kifungo hukibani mpaka kikalala kwenye kitambaa, unaacha nafasi kidogo halafu unazungushia uzi pale chini yake kikapata kijishingo, ili kikiingia kwenye tundu kipate pa kukaa, la sivyo nguo inavutika na uzi unakatika mapema. Nilikuwa sijui hilo. Pindo la suruali ananionyesha jinsi ya kuokota nyuzi mbilimbili tu za kitambaa ili mshono usionekane kwa nje, na nikikosea anafumua yote, hanionei huruma hata kidogo, na mi nafurahi kuona hanionei huruma.

Sasa hapa kuna jambo la kuwa makini nalo. Usimbunie kazi ya kumzuga. Wazee wanatambua haraka sana ukiwapa kitu cha kuwashughulisha kama mtoto, na wakitambua inawauma. Lazima kiwe kitu unachokihitaji kweli na yeye anakiweza kweli. Kama hashoni basi anajua watu, anajua mimea, anajua hesabu za biashara, anajua jinsi ya kumtuliza mtoto anayelia usiku, anajua namna ya kukaa na mgonjwa, anajua kusema hapana bila kugombana. Mpelekee tatizo lako halisi. Mimi nilimpelekea ishu ya kazini, mtu niliyekuwa nashindwa kuelewana naye kabisa, akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu ambalo hakuna rafiki yangu aliyekuwa ameniuliza, kwamba huyo mtu anaogopa nini. Mpaka leo nalitumia hilo swali.

Hii ya kumwachia mzee jukumu imeangaliwa siku nyingi. Mwaka 1976 Ellen Langer na Judith Rodin walifanya jaribio kwenye nyumba ya kutunzia wazee Marekani, kundi moja wakakumbushwa kwamba maamuzi ya maisha yao ni yao na wakapewa mmea wautunze wenyewe, kundi lingine wakapewa mmea pia lakini wakaambiwa manesi ndo watakaoutunza. Lile kundi la kwanza ndo lililochangamka zaidi na kujisikia vizuri zaidi. Mmea ni uleule. Tofauti ilikuwa ni nani ameachiwa jukumu. Kwahiyo hata vitu vidogo muachie: achague mtakaa wapi, mtatoka au hamtoki, dirisha lifunguliwe au lifungwe, nguo ipi avae. Ni nyumba yake, ni siku yake.

Tuje kwenye stori zinazojirudia, maana najua hili linawachosha wengi. Bibi anaanza, wewe sentensi ya kwanza tu ushajua mwisho, na mkono unaenda kwenye simu wenyewe. Kwanza ujue inatokana na nini. Watafiti wa Canada, Nigel Gopie, Fergus Craik na Lynn Hasher, walionyesha mwaka 2010 kwamba kinachodhoofika kwa wazee ni ile kumbukumbu ya nani nilimwambia nini, inadhoofika zaidi kuliko kukumbuka nani aliniambia nini. Stori yenyewe anayo vizuri. Asichokuwa na uhakika nacho ni kama wewe ulishaisikia. Kwahiyo sio kwamba hakujali, wala peke yake haimaanishi akili imeanza kumtoka.

Halafu kuna daktari mmoja wa magonjwa ya akili, Robert Butler, huyu alitoa makala yake mwaka 1963 wakati ambapo wengi walikuwa wanaona mzee kuongelea mambo ya zamani ni dalili ya kuzeeka vibaya na bora akatishwe. Butler akasema hapana, hiyo ni kazi ambayo mtu anaifanya akikaribia mwisho wa maisha, anayapitia maisha yake upya, anapanga, anasamehe, anajaribu kuona yote yalikaaje kwa pamoja. Mimi nikimsikiliza bibi kwa mtazamo huo nasikia kitu kingine kabisa. Stori anayorudia ni ile ambayo bado anaifanyia kazi. Kuna moja ya safari aliyoifanya akiwa msichana, anaisimulia kila mara na kila mara anaishia palepale, mlangoni, mtu amesimama mlangoni. Zamani nilikuwa nasikia safari. Siku moja nikamuuliza, bibi, nani mwingine alikuwepo pale mlangoni? Akanyamaza kidogo, halafu zikaja habari za dada yake ambazo hata mama yangu hakuwahi kuzisikia.

Kwahiyo ushauri wangu kwa stori inayojirudia ni ingia kwa pembeni. Usiulize ikawaje, ikawaje unaijua. Uliza mlikuwa mmevaa nini, nani alikuwa amekasirika, mvua ilikuwa inanyesha, ulikuwa unaogopa, ni nani uliyetamani awepo. Swali la vitu vya kuonekana na kusikika linafungua kumbukumbu kuliko swali kubwa la "niambie maisha yako", hilo linamchosha mtu, aanzie wapi. Na miaka ya kuilenga ni ile ya kati ya miaka kama 10 na 30 ya umri wake, kwa sababu imeonekana mara nyingi kwamba watu wazima wa umri mkubwa wanakumbuka mambo mengi zaidi ya kipindi hicho kuliko ya vipindi vingine, mambo ya mara ya kwanza mengi yako hapo, kazi ya kwanza, mapenzi ya kwanza, kuondoka nyumbani. Muziki wa miaka hiyo nao unafanya kazi ya ajabu. Mtafutie nyimbo alizokuwa anacheza akiwa na miaka 18 halafu kaa pembeni usiseme kitu.

Sisi tunafanya picha. Bibi ana boksi la picha za zamani ambazo nyuma hazijaandikwa chochote, na yeye ndo mtu wa mwisho duniani anayewajua waliomo. Hili naomba mtu alichukulie kwa uzito, siku akiondoka wale watu wote wanageuka kuwa sura tu. Tunachukua chache kila nikienda, anataja, naandika nyuma kwa penseli laini, taratibu pembeni bila kukandamiza, sio kwa kalamu ya wino maana wino unaweza kupenya au kuchafua picha nyingine zikilaliana. Naandika jina, uhusiano, mahali, mwaka kama anaukumbuka, na kama hana uhakika naandika "labda". Marshall Duke na Robyn Fivush wa Emory University waliwahi kuandaa maswali 20 ya kupima mtoto anajua kiasi gani habari za familia yake, vitu kama bibi na babu walikulia wapi, wazazi walikutanaje, na wakakuta watoto wanaojua zaidi ndo waliokuwa wanajiamini zaidi na kuona wana usemi kwenye maisha yao. Nadhani haikuwa zile habari zenyewe tu, ni kwamba mtoto anayezijua lazima kuna mtu alikaa naye akamsimulia. Mimi si mtoto tena lakini nahisi kitu hichohicho nikitoka pale.

Masikio sasa. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu naamini mabibi wengi wanaodhaniwa wamekuwa wakimya au wamekuwa wagumu kuelewa, tatizo lao ni kusikia. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya robo ya watu wenye miaka zaidi ya 60 wana upungufu wa kusikia wa kiwango cha kuwasumbua kwenye maisha. Na upungufu wa uzeeni hauji kwa sauti zote kupungua sawasawa, unaanza na sauti nyembamba za juu, na kwenye maneno sauti hizo ndo za s, f, th, sh, zile zinazotenganisha neno moja na lingine. Kwahiyo bibi anasikia kwamba unaongea, sauti yako anaipata vizuri tu, ila maneno yanamfikia yamekwanguliwa, kama redio ambayo haijakaa sawasawa kwenye stesheni. Ukipiga kelele unaongeza zile sauti ambazo tayari alikuwa anazisikia na uso wako unakunjamana kana kwamba umekasirika. Cha kufanya ni kuzima tivii kwanza. Kaa mbele yake, mwanga uwe usoni kwako sio mgongoni ili aone midomo, ongea kwa sauti nzito kidogo, polepole kiasi, na asiposikia usirudie maneno yaleyale mara tatu, badilisha maneno. Na usimwambie "basi, haikuwa kitu". Hilo neno "haikuwa kitu" linamfungia mtu nje ya mazungumzo.

Na kama hajawahi kupimwa masikio mpeleke akapimwe, mara nyingine ni nta tu imeziba. Jopo la wataalamu wa jarida la Lancet kwenye ripoti zao za 2017, 2020 na 2024 wameutaja upungufu wa kusikia miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya kupoteza kumbukumbu na ambayo yanaweza kushughulikiwa. Kwahiyo masikio ya bibi sio jambo la kusema ah ni uzee tu.

Muda wa kwenda nao una maana. Wazee wengi akili inakuwa na nguvu asubuhi, mchana ukishaenda uchovu unaingia, na sisi wajukuu tunaendaga jioni tukitoka kazini na kushangaa mbona leo hana maneno. Nikiweza naenda asubuhi ya wikiendi. Na naenda peke yangu. Tukienda kundi la watu bibi anafurahi kweli, anahesabu watu, lakini mazungumzo yanakuwa ya juujuu na akitoka hapo amechoka. Laura Carstensen wa Stanford ameandika kwa miaka mingi kwamba mtu akiona muda wake mbele umebaki mfupi anaacha kutafuta watu wapya na anataka wachache alio karibu nao, muda wenye maana. Kwahiyo bibi asipotaka kwenda kwenye mkusanyiko msimlazimishe kwa kisingizio cha kumchangamsha. Mtume mjukuu mmoja.

Kuna kitu kingine kinanigusa sana. Mwaka 2021 James Rilling na wenzake wa Emory University waliwaweka mabibi 50 kwenye mashine ya kupiga picha ubongo ukiwa unafanya kazi, wakawaonyesha picha za wajukuu wao, hawa walikuwa wadogo wa kati ya miaka 3 na 12, na picha za watoto wao waliokwisha kuwa wakubwa. Wakiangalia mjukuu, zilichangamka sehemu za ubongo zinazohusika na kuhisi anachohisi mwenzako, akicheka unacheka ndani, akiumia unaumia. Wakiangalia mtoto wao mkubwa, zilichangamka zaidi zile za kujaribu kuelewa anawaza nini na kwa nini. Sijui kwako, mimi nimeona hii nyumbani waziwazi. Bibi na mama yangu wanajaribu kuelewana kwa kufikiria, wanabishana, wanapimana. Mimi nikiingia tu anashajua kama nimelala vibaya. Na kwa sababu hiyo niliamua simfichi. Watu wanasema usimpelekee bibi matatizo, mpe habari nzuri tu, lakini yeye ameshayaona usoni kwako, ukimficha unamwacha na wasiwasi peke yake bila maelezo. Na angalizo hapo hapo, usigeuke kuwa mtu wa kubeba maneno kati yake na mama au baba yako, akianza kumlalamikia mama yako msikilize kisha uyaache hapohapo kwenye kile kiti.

Siku moja nilimwambia kitu nilichokuwa nimekisoma, kwamba mtoto wa kike akiwa bado tumboni, kwenye wiki ya 20 hivi, anakuwa tayari na chembe za mayai milioni 6 mpaka 7, kabla hata hajazaliwa. Maana yake bibi mzaa mama akiwa na mimba ya mama yako, ile chembe iliyokuja kuwa nusu yako ilikuwa imo mle. Akasema, "Kwahiyo na wewe nilikubeba." Nikamwambia ndio bibi. Akasema mbona hakuna aliyemwambia siku zote hizo.

Nizungumzie na wale ambao bibi ameanza kusahau, maana kuna mjukuu anasoma hapa anajisemea kwangu kumeshachelewa. Hakujachelewa. Usimpe mtihani, lile swali la "bibi mimi nani?" liache kabisa, likimshinda anaaibika mbele ya watu. Ingia ujitaje, mimi fulani mtoto wa fulani, nimekuja kukuona. Akikuita kwa jina la mtu mwingine anayempenda, kubali ukae ukiwa huyo mtu kwa dakika chache. Mwaka 2014 watafiti wa University of Iowa, Edmarie Guzmán-Vélez akiwa mmoja wao, waliwaonyesha wagonjwa wa Alzheimer vipande vya filamu vya kuhuzunisha na vya kufurahisha, na hisia zikabaki nao hata pale walipokuwa hawakumbuki kabisa wameona nini. Kumbukumbu imetoka, hisia ipo. Kwahiyo mtu akikuambia unajisumbua kwenda, hata hakumbuki kama ulikuja, mjibu kwamba mchana ule wote unaweza kuwa umekaa vizuri kwa sababu yako na yeye mwenyewe hajui ni kwa nini.

Mwisho ni kurekodi. Simu inatosha, iweke karibu na mdomo wake, kelele zizimwe, na mwombe ruhusa kwanza, kila mara, sio mara moja ukachukulia imepita. Wangu ana masharti. Kuna mambo anasema hili weka, hili usiweke, hili weka lakini watu wasikie nikishakufa, na mimi nafuata alivyosema. Nikimaliza tunasikiliza pamoja na ananisahihisha, miaka, majina, nani alianza ugomvi. Nakili hizo sauti sehemu zaidi ya moja, simu zinapotea.

Juzi kati alinipigia yeye, asubuhi mapema, kabla hata sijaamka vizuri. Hakuwa anaumwa. Alikuwa amelikumbuka jina la yule kijana wa kwenye picha ya harusi tuliyekuwa tumemwandikia "labda", akataka niandike palepale kabla halijamtoka tena. Nikaandika. Bado hatujampata yule mwanamke wa pembeni mwenye miwani, ila bibi anasema ana mtu mmoja wa kumuuliza, na amenipa kazi ya kumtafutia namba yake ya simu.